Machenza yanayomenyeka kwa urahisi: jina la mfukoni halikuambii unakula aina gani

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kuna mfuko wa wavu mwekundu ambao umeilisha familia yangu kwa miaka tisa. Nafanya kazi katika banda la kufungashia matunda kusini-mashariki mwa Uingereza, na kuanzia Oktoba hadi Aprili shughuli yangu kubwa ni kusimama kando ya mkanda unaopitisha machenza, kuyatoa yaliyoumia na kuyaacha mazima yaingie mfukoni. Juu ya mfuko huo pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba matunda yaliyomo yanamenyeka kwa urahisi, na aina yenyewe, ikitajwa, inatajwa kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Mwezi wa Novemba mfuko unabeba tunda moja, Februari mfuko ule ule unabeba tunda jingine kabisa, na mnunuzi aliyelipenda la kwanza anarudi dukani akilalamika kwamba siku hizi machenza yameharibika. Hayajaharibika. Aliyekuwa akila satsuma sasa anakula Nadorcott, na hakuna aliyemwambia.

Nimeona niulete uzi huu kwa sababu ndugu wengi, walio Ulaya, Ghuba na hata Nairobi, wananiuliza ni chenza lipi zuri, nami siwezi kujibu bila kwanza kuuliza ni mwezi gani na limetoka wapi.

Tuanze na ganda lenyewe. Ganda la matunda ya jamii hii lina tabaka mbili: ya nje yenye rangi na vifuko vya mafuta, yale yanayokurukia machoni unapomenya, na ya ndani iliyo nyeupe kama sifongo. Katika chungwa la kawaida ile sifongo hubaki nene na kung'ang'ania nyama, ndiyo maana wauza machungwa wetu hulimenya kwa kisu na kuliacha likiwa jeupe. Katika chenza, tunda linapokomaa, sifongo hukonda na kusambaratika mpaka ikabaki mishipa tu, zile nyuzi nyeupe ambazo watoto huzibandua moja moja kabla ya kula, na kati ya ganda na nyama pakatokea nafasi. Katikati ya tunda nako, mhimili unaoshikilia vipande hufifia na kuacha tundu, hivyo vipande vinaachana vyenyewe bila kupasuka.

Ulegevu huo una gharama, na gharama hiyo ndiyo inayozitofautisha aina. Ganda lililolegea sana halilindi tunda safarini. Huwezi kulichuma kwa kulivuta, kwa sababu ganda litachanika pale kwenye kikonyo na kuvu itaingia kabla meli haijafika nusu ya njia; ni lazima likatwe kwa mkasi, moja moja. Kwa hiyo kila aina ni mapatano kati ya mlaji anayetaka ganda liachie na mfanyabiashara anayetaka ganda lishike.

Anayefungua msimu katika nusu ya kaskazini ya dunia ni satsuma. Hii ni aina ya Kijapani, ambako wenyewe huiita unshu mikan, na jina tunalolijua limetokana na jimbo la kale la Satsuma, ambalo leo ni Kagoshima. Miche yake ilipelekwa Marekani katika miaka ya 1870. Satsuma ni bapa kidogo juu na chini, ganda lake limelegea hata mtoto wa miaka mitatu hulimenya peke yake, na haina kokwa kwa sababu tunda hujiunda bila kuhitaji chavua. Mti wake huvumilia baridi kuliko machenza mengi, hasa ukibebeshwa juu ya shina la mchungwa miiba wenye majani matatu, kama Wajapani wanavyofanya. Aina za mapema, kama Miyagawa na Okitsu, huiva ndani wakati ganda bado lina kijani, jambo ambalo huwasumbua sana wauzaji. Kasoro yake ni kwamba ikicheleweshwa mtini, hasa kukiwa na joto na unyevu, ganda huvimba na kuachana kabisa na nyama; ukilishika unahisi kama unabonyeza mpira uliopungua upepo, na ndani utamu umekwisha kupooza. Nikiwa kwenye mkanda, satsuma za namna hiyo nazijua kwa mkono kabla ya jicho.

Baada yake huja klementini, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu hadithi yake ni ya bara letu. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Misserghin karibu na Oran, Aljeria, kulikuwa na kituo cha yatima kilichokuwa na bustani kubwa ya miche. Mtunza bustani alikuwa mtawa Mfaransa, Ndugu Clément, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Vital Rodier. Mti mmoja katika bustani hiyo ulizaa tunda lililofanana na chenza la Mediterania, lakini jekundu zaidi, tamu zaidi na la mapema zaidi. Mtaalamu wa mimea Louis Trabut aliuchunguza na mwaka 1902 akaueleza kwa maandishi, akaupa jina la mtawa yule. Watu walibishana kwa miaka mingi kuhusu wazazi wa mti huo, wengine wakidai ulitoka China, mpaka uchunguzi wa vinasaba ulipothibitisha kwamba ni chotara wa chenza la Mediterania na chungwa tamu. Klementini nyingi zinazouzwa Ulaya leo ni vizazi vya tawi lililobadilika lenyewe: Clemenules, kwa mfano, iligunduliwa mwaka 1953 katika mji wa Nules, jimbo la Castellón nchini Uhispania. Ganda la klementini ni laini, lenye kung'aa, na limekaza kidogo kuliko la satsuma, hivyo linasafiri vizuri. Ladha yake ina utamu mwingi na ukali kidogo wa kuamsha ulimi. Zile za Korsika huuzwa na majani yake mabichi, nayo si mapambo tu, kwa sababu jani likinyauka mnunuzi anajua tunda limechumwa zamani.

Sasa suala la kokwa, ambalo ndilo linaloleta ugomvi. Klementini haiwezi kujichavusha yenyewe wala kuchavushwa na klementini mwenzake, kwa hiyo shamba la klementini tupu halitoi kokwa. Ukipanda jirani aina nyingine yenye chavua nzuri, nyuki watapita huku na huku, na mwaka huo utauza machenza yenye kokwa kwa bei ya hasara. Katika jimbo la Valencia, wakulima walipoanza kupanda machotara kama Fortune na Nova karibu na klementini, tatizo lilikuwa kubwa kiasi cha kupewa jina lake, pinyolà, na serikali ya jimbo ikawekea masharti mizinga ya nyuki wakati wa maua. Wafuga nyuki wakauliza, kwa haki kabisa, tangu lini nyuki akawa mharibifu. Mimi nipo upande wao, ingawa mshahara wangu unatoka upande wa pili.

Kuanzia mwishoni mwa Januari mfuko unabeba Nadorcott. Hii ni ya Moroko: ilitokana na kokwa ya aina iitwayo Murcott, ikateuliwa mwaka 1982 huko Afourer na mtafiti El Bachir Nadori wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo. Marekani huiita W. Murcott, na wengine huiita Afourer tu. Rangi yake ni ya machungwa iliyokolea karibu na nyekundu, ganda ni jembamba na linaonekana limebana, lakini ukitia ukucha linatoka lote. Ladha ni nzito na ina ukali wa kutosha, ndiyo maana aliyezoea upole wa satsuma hudhani amepewa tunda bichi. Nayo hupata kokwa ikikutana na chavua ngeni, hivyo wakulima wengi huifunika miti kwa nyavu wakati wa maua. Ukitazama bonde kutoka mlimani utadhani pameanguka theluji. Isitoshe, ni aina yenye mwenyewe: miche yake hulipiwa mrabaha, na kesi kuhusu haki hizo ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa uamuzi mwaka 2019. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside walichukua vichipukizi vya W. Murcott, wakavipiga mionzi, na mwaka 2006 wakatoa aina iitwayo Tango, ambayo haipati kokwa hata ikizungukwa na nyuki, wala chavua yake haiwapi wengine kokwa. Mionzi hiyo ilipigwa kwenye vichipukizi mara moja tu ili kuleta mabadiliko. Matunda tunayokula hayajawahi kuiona, kwa hiyo wale wanaosambaza sauti za kutisha kwenye simu wapumzike.

Orri ya Israeli ilipatikana kwa njia hiyo hiyo, kutoka kwa chotara aitwaye Orah, na kwa maoni yangu ndiyo inayomenyeka vizuri kuliko zote za mwisho wa msimu, ila bei yake haitoshi kwenye mfuko mwekundu.

Nimalizie na moja ambayo wengi huniuliza kwa picha: lile kubwa lenye kinundu shingoni kama kibuyu. Hilo ni Shiranui, lililozaliwa Japani mwaka 1972 kwa kukutanisha aina mbili, Kiyomi na ponkan. Jina la biashara, Dekopon, hupewa tu matunda yaliyofikia kiwango: sukari isiyopungua 13 kwa kipimo cha brix na asidi isiyozidi asilimia moja. Korea wanaliita Hallabong, kwa mlima Halla wa kisiwa cha Jeju. Likichumwa huwa kali, hivyo huhifadhiwa kwa muda ghalani mpaka ukali upungue. Ganda ni nene na baya, limejaa makunyanzi, nalo linatoka kama koti.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji, Muscat

Shukrani nyingi, mkuu, umetufungua macho. Naomba uliongelee lile chenza la Pakistani linalojaa masoko yetu hapa Omani kuanzia Desemba mpaka karibu na Aprili. Wauzaji wanaliita kinu, lina maji mengi mno, lakini kila kipande kina kokwa tatu au nne, na wageni wangu walio na watoto wanalikimbia. Je, hilo nalo tulihesabu kuwa chenza la kumenyeka kwa urahisi, au ni chungwa lililojivika?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Muscat, hilo ni Kinnow, na ni chenza lenye historia ya kusafiri kuliko mengine yote. Lilitengenezwa California na H. B. Frost, aliyekutanisha aina mbili mwaka 1915, King yenye asili ya kusini-mashariki mwa Asia na lile chenza la Mediterania lenye majani membamba, kisha likatolewa kwa wakulima mwaka 1935. Huko kwao halikupata umaarufu mkubwa. Lilipofika Punjab likakuta udongo wa tambarare, maji ya mifereji, mchana wa joto na usiku wa baridi, likatulia kama lililorudi nyumbani. Leo eneo la Sargodha linajulikana kwalo, na Ghuba ni miongoni mwa wateja wake wakubwa.

Ganda lake limebana kuliko la satsuma, lakini bado linatoka kwa mkono, kwa hiyo lina haki ya kukaa katika kundi hili. Kokwa ni urithi wa wazazi wote wawili, na tunda moja laweza kuwa nazo zaidi ya kumi. Mti wake pia una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na mwaka wa mazao mengi matunda huwa madogo asipopatikana mtu wa kuyapunguza mapema. Kwa maji ya kunywa, sijaona chenza la kulishinda, hivyo wageni wenye watoto wakamulie.

Mchangiaji, Muheza

Mimi ni mkulima, na nina jambo linalonikera katika uzi huu na katika soko kwa jumla. Aina zote ulizozitaja zina rangi ya kuwaka. Machenza yangu ya shambani yanaiva yakiwa ya kijani, au kijani chenye madoa ya njano, na mnunuzi wa Dar es Salaam akiwa na duka kubwa anayakataa akisema ni mabichi, wakati yeye mwenyewe akionja anakiri ni matamu. Mwaka juzi msafirishaji mmoja alinirudishia gari zima kwa sababu ya rangi tu. Je, tatizo ni aina niliyopanda, mbolea, au nini?

Mleta uzi

Mzee wangu wa Muheza, shikamoo, na pole kwa gari hilo. Tatizo si mbolea yako, na kwa sehemu kubwa si aina pia. Tatizo ni usiku wa Muheza.

Ganda la chenza huwa na rangi ya kijani kama jani lolote, na chini ya kijani hicho rangi ya machungwa hujengeka taratibu. Ili kijani kivunjike, mti unahitaji usiku wa baridi, takriban nyuzi 13 za Selsiasi au chini yake, kwa wiki kadhaa. Uhispania, Moroko na Japani hupata usiku huo kila vuli bila kuuomba. Tambarare za pwani yetu hazipati, hivyo sukari hupanda, ukali hushuka, ganda hulegea, nyama huiva, na kijani kinabaki pale pale. Nyanda za joto za Vietnam ni hivyo hivyo: chenza lao kubwa aina ya King huliwa likiwa na ganda la kijani, na hakuna anayelirudisha. Zaidi ya hapo, chenza lililokwisha kuwa na rangi likiachwa mtini joto likarejea, linaweza kurudi ukijani.

Na hao wenye rangi ya kuwaka nao wana siri yao. Matunda mengi ya mwanzo wa msimu hapa Ulaya huwekwa kwenye vyumba vyenye gesi ya ethilini kwa siku chache, ambayo huvunja kijani cha ganda bila kuongeza hata chembe ya utamu ndani. Nimekwisha kufungasha satsuma za Oktoba zenye rangi ya harusi na ladha ya ndimu. Ushauri wangu ni kwamba, badala ya kubishana na mnunuzi kuhusu rangi, mpimie sukari mbele ya macho yake kwa kile kipimo kidogo cha mkononi cha brix. Tone moja la maji ya tunda latosha. Na kama una ndugu mwenye shamba Lushoto, kule milimani kwenye baridi, linganisha mche mmoja wa aina ile ile: rangi ya kule itakuwa tofauti.

Mchangiaji, Nairobi

Asante kwa elimu hii. Sisi huku wengi huyaita matanjarini, na sasa nimejua ni kwa nini duka moja huniuzia yenye kokwa na jingine yasiyo nazo. Nilipata kokwa nne katika klementini iliyotoka nje ya nchi, nikazipanda kwenye mkebe, na sasa nina miche minne yenye urefu wa kiganja. Je, nikiihamishia shambani kule Limuru nitapata klementini?

Mleta uzi

Bila shaka jina hilo la matanjarini limetokana na mji wa Tangier, Moroko, ambako machenza yalipakiwa kwenda Ulaya katika karne ya 19.

Kuhusu miche yako, jibu ni hapana. Kokwa za machenza ziko za namna mbili. Katika ponkan na chenza la Mediterania, kokwa moja hubeba viinitete kadhaa, na vingi kati ya hivyo ni nakala ya mti mama, hivyo ukipanda unaweza kupata tunda lile lile. Kokwa ya klementini hubeba kiinitete kimoja tu, mtoto halali wa baba na mama. Na kwa kuwa klementini haiwezi kuzaa na klementini mwenzake, baba wa miche yako ni aina nyingine kabisa iliyoletwa na nyuki, nawe huijui. Utasubiri miaka sita au minane, katikati ya miiba, kupata tunda lisilotabirika. Tafuta mche wa kubebesha kutoka kwenye kitalu kinachoaminika.

Uliza pia kuhusu ugonjwa wa kijani kabla hujapanda chochote Limuru. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania ugonjwa huo umekwisha kuangamiza michungwa mingi, ukienezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu na kupenda baridi, na mche wenye maambukizi hauonyeshi dalili mapema. Jani lenye mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati ndilo la kuogopa.

Mchangiaji, Unguja

Nimesoma yote kwa utulivu na nina neno. Mnazisifu aina zisizo na kokwa kana kwamba kokwa ni dhambi. Sisi wa visiwani tulikuwa na kangaja dogo na chenza kubwa, kila moja na jina lake tangu enzi za mababu, na ukimenya moja chumba kizima kilijua. Haya ya madukani namenya manne na mkono wangu haunuki kitu. Chenza lisilonuka ni chenza gani?

Mleta uzi

Bi mkubwa, hapo umenishika, na sitajitetea sana. Harufu iko kwenye mafuta ya ganda, na wazalishaji wa miaka hii hamsini walichagua rangi, utamu, uthabiti na kukosa kokwa. Harufu haikuwa na mtu wa kuisemea. Lile chenza kongwe la Mediterania, lenye kokwa tele na ganda la kuachia, ndilo lenye harufu ya kufanana na unayoikumbuka, na ndilo limezidi kupotea mashambani. Huko Ciaculli, kando ya Palermo kisiwani Sicily, bado wanalo la kwao linalochelewa kuiva, likitokana na mti uliobadilika katika miaka ya 1940, na huwa nalinunua kila Februari kwa bei ambayo mke wangu haiulizi.

Ila hata machenza hayo ya zamani si safi kama tunavyopenda kudhani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu machenza yote tunayoyala yana vipande vya urithi wa balungi ndani yake, vilivyoingia zamani sana huko Asia, na huenda ndivyo vilivyoyapa ukubwa na kuyapunguzia ukali. Kangaja lako lina nini ndani, ningetamani kujua. Kama kuna mti uliobaki kwenye ua wa mtu huko Unguja au Pemba, tafadhali piga picha ya tunda likiwa limekatwa katikati, uhesabu vipande na kokwa, uieleze harufu, uweke hapa.

Kwa upande wangu, wiki ijayo banda letu linapokea Nadorcott za kwanza za mwaka kutoka Moroko. Nitakata matunda ishirini kutoka masanduku tofauti na kuandika hapa chini kila moja lina kokwa ngapi.